Ruta ya Watu Kumi

Mzee Ghanim wa Rumonge alikuwa mtu wa kufunga. Duka lake la mawese alilifunga kwa makufuli matatu, kabati la nguo lilikuwa na ufunguo, sukari ilikuwa na ufunguo, na funguo zenyewe zilikaa kwenye mkebe wenye ufunguo wake. Watu wa mtaa walimwita mkono wa birika, lakini walimwita hivyo bila chuki, kwa sababu mkewe, Asya, alikuwa kinyume chake kabisa. Alichofunga Ghanim asubuhi, Asya alikuwa amekwisha kukigawa kabla ya adhuhuri. Na mlango wa uani haukuwa hata na komeo. Komeo lilikuwepo zamani, Asya akaling'oa mwaka alioolewa, akasema kwao Minago hajawahi kuona mlango unaofungwa mchana.

Kwao Minago maana yake ni kwa baba yake, marehemu Aruna, mkamua mawese ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, enzi za Wabelgiji. Aliyepita kwa Aruna na kikombe aliondoka na kikombe kimejaa mafuta. Familia ya Ghanim, Waarabu wa Bujumbura wenye maduka na shajara za ukoo hadi Omani, walinuna mwezi mzima kijana wao alipotaka kuoa huko. Ghanim mwenyewe, akimtaja baba mkwe wake, husema: "Marehemu alikuwa mtu mwema sana, ndiyo maana alikufa maskini."

Sasa, Jumamosi moja, binti yao Amal aliyeolewa Muscat alijifungua mtoto wa kiume. Ghanim alikuwa na mabinti watatu na wajukuu wa kike watano. Huyu alikuwa mwanamume wa kwanza, na familia ya huko, kwa heshima kubwa, ikaamua kwamba jina litatoka kwa babu wa Rumonge. Atalitamka mwenyewe siku ya saba, Ijumaa, saa nane mchana, kwa simu ya video, mbele ya jamaa wote waliokusanyika. Simu isipopatikana, basi jina atalitoa babu wa pili, Sheikh Zubeir, ambaye tayari alikuwa na lake mfukoni: Khalfan.

Ghanim naye alikuwa na lake: Amjad, jina la baba yake. Alilitamka kutwa nzima, dukani, msikitini, akipiga mswaki. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, Asya aliomba jina mara moja tu, alipokuwa na mimba ya kwanza. Alisema akiwa mvulana aitwe Aruna. Ghanim akamjibu kwamba majina ya ukoo wake hayatoki kwenye kinu cha mawese. Akazaliwa msichana, na maneno hayo hayakurudiwa tena, ingawa Ghanim aliyakumbuka mara nyingi kuliko alivyopenda.

Tatizo lilikuwa mtandao. Nyumba yao ni ya zamani, kuta zake nene, na simu ilikamata mawimbi mahali pamoja tu: dirishani chumbani, juu ya kigoda, mkono umenyooshwa hadi kwenye nondo. Jumapili walipojaribu kuongea na Amal, picha ilikwama akiwa ameachama, mdomo wazi kama mtu kwa daktari wa meno, ikabaki hivyo mpaka simu ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe wa sauti: "Baba, kama Ijumaa itakuwa hivi, ba mukwe wangu hatangoja. Tafuteni ruteri ya nyumbani."

"Na tuchinje mbuzi hapa," akasema Asya. "Hata mumoja tu. Ni akika ya mujukuu wetu."

"Mutoto iko Muscat, nywele yake iko Muscat, mbuzi wa Rumonge atamujuaje?" akajibu Ghanim. Mbuzi akaishia hapo.

Jumatatu akaenda kwa Karimu, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko. Karimu alikuwa mtu mzima mpole, anayefuta vumbi kila kitu hata akiwa anaongea.

"Amahoro, Muzee Ghanim. Karibu."

"Amahoro. Nipe ruteri. Ya bei ya kusikilizana."

Karimu akapanga tatu juu ya meza: moja ndogo ya kuenea kiganjani, moja nyeupe yenye antena mbili, na moja nyeusi yenye antena nne, kubwa, kama mdudu aliyelala chali. Ghanim alikuwa amenunua mawese kwa miaka arobaini, na mawese hununuliwa kwa mkono na pua. Akaiinua ile ndogo, akaipima uzito. Akaitikisa sikioni. Kisha akainusa.

"Muzee, hiyo hainuswi."

"Kila kitu kinanuswa. Na hii iko nyepesi sana. Ndani wametia nini?"

"Usiangalie uzito. Hata antena usihesabu, zingine ni urembo tu." Karimu akaweka kitambaa chake chini. "Uliza vitu tatu. Inakamata 4G? Inakubali karte SIM ya kampuni yoyote? Na inabeba watu wangapi kwa mara moja? Hii ndogo inabeba watano, lakini kwa kuta zako haitafika sebuleni. Hii nyeupe inabeba kumi. Hii nyeusi, watu thelathini na mbili. Sasa niambie, kwako muko wangapi?"

"Wawili," akasema Ghanim, wala hakupepesa macho.

Karimu akamtazama. "Wawili? Kwa Mama Amal?"

"Mimi na yeye. Watoto wote waliolewa."

"Na wageni?"

"Wageni wanakuja kunywa chai. Hawaji kunywa wifi."

"Muzee, mi mwenyewe nimekula kwako mara ngapi, na wewe hata jina yangu ulikuwa hujui? Chukua hii nyeusi. Bei iko juu kidogo, lakini utanishukuru."

"Watu kumi kwa watu wawili ni mara tano," akasema Ghanim. "Hata hiyo ni israfu. Funga hii nyeupe."

Akarudi nyumbani amejaa furaha ya mtu aliyeponyoka. Tofauti ya bei kati ya nyeupe na nyeusi ilikuwa thamani ya mbuzi mzuri, na yeye alikuwa amekwepa mbuzi na ruta nyeusi kwa siku mbili.

Karimu alikuja kuifunga jioni ile. Akaiweka dirishani pale pale penye mawimbi, taa ya kijani ikawaka, na Amal akatokea sebuleni, chumbani, hadi jikoni, akiongea bila kukwama. Asya alilia kidogo. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ghanim akalinakili kwenye karatasi, akakwangua kibandiko kwa kisu, akaifungia karatasi kwenye mkebe wa funguo. Hakujua kwamba Asya, aliyekuwa ameishika ruta Karimu akipigilia misumari, alikuwa ameshalisoma na kulikariri.

Lakini tusimsingizie Asya. Aliyefungua mlango ni Ghanim mwenyewe. Jumanne asubuhi Meshaki, mvuvi wa mukeke, alipita dukani, na Ghanim, aliyekuwa na muda mrefu hajapata cha kujivunia, akamwambia, "Kwangu sasa iko wifi." Alitaka kumkata maini tu. Alisahau anakaa wapi. Huku kwetu, ukimwambia mtu kwamba kwako kuna kitu, umemkaribisha.

"Murakoze sana, Muzee," akasema Meshaki. "Nitapita."

Akapita. Nyuma yake akaja Latifa, jirani wa ukuta mmoja, simu mkononi vile vile anavyokuja na kikombe cha chumvi. "Mama Amal, unisaidie wifi kidogo." Asya akampa. Akaja Mushagalusa, fundi cherehani kutoka Kongo, mwenye kaka mgonjwa Uvira. Asya akampa. Kufikia Jumatano alichoka kuitwa kutoka jikoni kutaja herufi moja moja, akachukua kaa la moto lililozimika, akaliandika neno la siri ukutani, juu ya mtungi wa maji, kwa herufi ambazo hata Meshaki aliweza kuzisoma bila miwani.

Ikafika Alhamisi, siku ya majaribio. Saa nane Ghanim alitoka dukani, akapita uani, akakuta watu wamekaa kuanzia mlangoni hadi jikoni, mgongo ukutani, kama wanaosubiri daktari. Meshaki alikuwa anatazama magoli ya mwaka juzi. Latifa alikuwa anajifunza kuoka keki yenye ghorofa. Mushagalusa alikuwa anaongea na kaka yake, yaani kaka amelala, na yeye anashona, na simu imesimama kati yao. Wote wakamwamkia kwa adabu. Ghanim akaingia ndani, akafungua simu yake, na simu ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

Akatoka nje kwa Meshaki. "Hii simu yangu ina nini?"

Meshaki akaitazama. "Haina kitu, Muzee. Wifi imejaa. Tuko kumi tayari. Ungoja mutu mumoja atoke."

Ghanim alisimama katikati ya ua wake, akingoja zamu katika ruta yake. Kisha hasira zikampanda, akaingia chumbani, akachomoa waya.

Nje kukawa kimya. Halafu nyayo zikaja hadi mlangoni, moja baada ya nyingine, nyuso zote za huzuni. "Pole, Muzee." "Imekufa?" "Na ilikuwa bado mupya!" Mushagalusa, masikini, akasema wachange kidogo kidogo wamnunulie nyingine. Ghanim aliona haya hadi masikio. Akaurudisha waya, na kabla hajapata miwani yake, simu za watu zilikuwa zimekwisha kuingia zenyewe, kumi kamili.

Akampigia Karimu.

"Hiyo ni rahisi, Muzee," akasema Karimu. "Unabadilisha modipasi, ile neno ya siri. Ni dakika mbili."

"Basi njoo uibadilishe sasa hivi."

Karimu akakohoa. "Sasa hivi itakuwa ngumu kidogo."

"Kwa nini? Uko wapi?"

"Niko hapa inje, kwa ukuta wako. Mi ndiye wa kumi."

Ghanim akaitupa simu kitandani. Akakunja mikono ya shati, akaelekea uani kuwafukuza watu wote, akamkuta Asya amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unaenda wapi, Baba Amal?"

"Kuwatoa! Leo wote watatoka!"

"Utamwambia Mushagalusa azime simu, na ndugu yake iko kitandani?"

"Basi sawa! Mujukuu wangu ataitwa Khalfan kwa sababu Latifa anapika keki!" Sauti yake ikakatika mwishoni, na hapo Asya akaona kwamba mumewe hakuwa na hasira tu. Alikuwa na hofu. Alikuwa amengoja mvulana huyu miaka thelathini na minne.

"Mutu aliyekuja kwako humufukuzi," akasema Asya polepole. "Unamukaribisha kula. Ninunulie mbuzi, na jina lako litasikika."

"Mbuzi na wifi wapi na wapi?"

"Nunua tu."

Akanunua, shingo upande, Ijumaa asubuhi na mapema, kwa mtu aliyeshuka na mbuzi zake kutoka Bugarama. Lakini kabla ya hapo, alipotoka tu swala ya alfajiri, wakati mtaa mzima bado umelala, aliingiza simu yake kwenye ruta, wa kwanza, kama mtu anayewahi nafasi safu ya mbele. Akaiacha kwenye chaji. Hakuigusa tena. Alipokwenda msikitini mchana alimwambia Asya asiiguse wala asiiangalie sana.

Aliporudi, harufu ilimpokea njiani. Asya alikuwa jikoni na akina mama wanne, sufuria tatu motoni, na alikuwa anamimina mawese. Ghanim aliitambua ile bidoni kwa kifuniko chake. Yalikuwa mafuta yake bora, mekundu, mazito, aliyoyafungia stoo tangu msimu uliopita.

"Mama Amal! Hiyo ni ya kuuza!"

"Leo nataka mafuta ifike kwenye viwiko," akasema Asya, akaigeuza bidoni kichwa chini.

Saa nane kasoro dakika kumi, masinia yalitoka. Bugali wa muhogo, nyama ya mbuzi inayoelea kwenye mawese, mboga za lengalenga zilizopikwa kwa mawese, na mukeke waliokaangwa kwa mawese, zawadi ya Meshaki. Watu wakanawa, wakakunja mikono, wakazunguka masinia. Ghanim hakuwatazama. Alikaa chumbani kando ya dirisha, kofia mpya kichwani, simu imeegemezwa kwenye ruta. Asya akaja akasimama nyuma yake, mwiko bado mkononi.

Saa nane kamili akabonyeza.

Amal akatokea papo hapo. Hakukwama. Nyuma yake sebule pana, wazee wamevaa kanzu, na picha ilikuwa safi hata nyuzi za dhahabu kwenye kilemba cha Sheikh Zubeir zilihesabika. Na mikononi mwa Amal, ndani ya kitambaa cheupe, uso mdogo uliokunjamana. Ghanim akasahau kusalimia.

Akageuza shingo kutazama nje, akaelewa. Ua ulikuwa umejaa, watu ishirini na zaidi, na hakuna hata simu moja iliyokuwa mkononi. Mikono yote ilikuwa myekundu kwa mawese, kuanzia kucha hadi viwiko. Simu ya Meshaki iliita mfukoni mwa shati. Akaitazama kwa majonzi, akajaribu kuigusa kwa kidevu, akakata tamaa, akarudi kwenye nyama. Karimu alikuwa katikati yao, analamba vidole.

"Mashallah, Mzee Ghanim," akasema Sheikh Zubeir, akichungulia kwenye kioo. "Nasikia sauti za watu hapo nje. Hapo nyumbani mko wangapi?"

Jibu alikuwa nalo. Alilitoa Jumatatu kwa Karimu bila kupepesa macho. Sasa, badala ya kulirudia, akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekikumbuka kwa miaka mingi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, ametoka Bujumbura na baiskeli yenye pancha, jasho na kiburi, anatafuta mawese ya bei rahisi. Akaingia kwenye ua mmoja wa Minago kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Mzee mwenye mikono myekundu hadi viwiko hakumuuliza jina, wala ukoo, wala alitaka nini. Alisogea tu, akampisha kwenye sinia. Na msichana aliyeleta maji ya kunawa alikuwa ndiye huyu, aliyesimama nyuma yake na mwiko.

"Tuko wengi," akasema Ghanim. "Tuko wengi sana, Sheikh. Mlango wetu haufungwi."

"Alhamdulillahi. Basi tupe jina."

Ghanim akaiweka kofia yake sawa. Amjad lilikuwa pale ulimini, limekaririwa wiki nzima.

"Mtoto ataitwa Aruna," akasema. "Jina la babu yake, mzaa bibi yake. Mkamua mawese wa Minago."

Mwiko ukaanguka sakafuni. Asya hakuuokota. Muscat wakasema amina, na uani, ambako dirisha lilikuwa limepeleka kila neno, watu wakainua mikono yao myekundu, Waislamu kwa Wakristo, wakaitikia amina kwa vinywa vilivyojaa. Amal alikuwa analia na kucheka. Akamsogeza mtoto karibu kabisa na kioo, na Aruna mdogo akafungua jicho moja.

Hapo picha ikakwama.

Latifa alikuwa ameshiba. Alikuwa amenawa kwa sabuni mara mbili, amejifuta kwenye kanga, na amerudi kwenye video ya keki yake, iliyovuta mtandao wote.

"Latifa!" akafoka Ghanim, akainuka. Lakini mkono wa Asya ulikuwa begani kwake, na ule mkono wa mawese ulikuwa unaichafua kanzu yake ya Ijumaa, na yeye akauacha pale pale.

"Iache," akasema Asya. Hakuondoa macho kwenye ule uso mdogo, jicho moja wazi, jingine limefumba. "Iache ikwame hapo hapo."

Ghanim akamwacha amekaa kitandani mbele ya simu. Akatoka uani, akanawa, akakunja mikono ya kanzu. Meshaki na Karimu wakasogea, wakampisha kwenye sinia.